Kanisa la Mawe na Maji ya Mfongo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja, Moshi Vijijini

Kisa hiki ni cha usharika mmoja wa Kilutheri kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Jina la usharika, majina ya watu na miaka ya kalenda vimeondolewa. Matukio yanahesabiwa kuanzia "mwaka wa 1", yaani mwaka ukuta ulipopigwa lipu ya saruji. Vipimo, kiasi cha vifaa na mpangilio wa kazi vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu humo ndimo wazee wa kanisa, kamati za ujenzi na mafundi watakapopata cha kujifunza.

Mahali na jengo

Usharika uko kwenye kimo cha kama mita 1,400, juu ya lami, katikati ya vihamba vya migomba na kahawa. Siku za kazi pako kimya kabisa: mhudumu wa usafi, mwinjilisti, watoto wanaokatiza kiwanja wakirudi kutoka shule. Jumapili panachangamka, na baada ya ibada hufanyika mnada wa mazao chini ya mti: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, jogoo. Desemba ni habari nyingine. Wenyeji walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda nyumbani, viti huongezwa hadi nje, na bahasha za ahadi hufunguliwa. Maamuzi makubwa ya majengo hufanywa mwezi huo, wakati ukuta uko katika hali yake nzuri kuliko miezi yote ya baridi. Jambo hili lina uzito katika kisa chote.

Kanisa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, katika miongo iliyofuata kufika kwa Misheni ya Leipzig Kilimanjaro mwaka 1893. Urefu wake ni m 24, upana m 9 kwa nje, na kuta zina unene wa sm 60 na kimo cha m 4.2 hadi kwenye boriti. Kila ukuta una ngozi mbili za mawe ya volkano yaliyofungwa kwa chokaa, na katikati yake kiini cha kokoto na udongo. Kikiwa kikavu, kiini hicho hubeba mzigo bila shida. Kikilowa, hulainika, na ngozi ya nje huanza kusukumwa. Paa ni la bati, lina kingo zinazotokeza sm 50, na halikuwa na gata hata moja.

Upande wa kaskazini ndio upande wa mlima. Mita 11 juu ya ukuta huo hupita mfongo, mfereji wa zamani wa umwagiliaji unaohudumia vihamba vya chini kwa zamu.

Matengenezo ya kwanza: mwaka wa 1

Lipu ya zamani ya chokaa ilikuwa imeanza kubanduka chini, hasa kaskazini. Kamati ya ujenzi iliamua kutengeneza haraka kabla ya sherehe ya kipaimara. Lipu ya chokaa ilibanduliwa hadi kimo cha m 1.5, ndani na nje, ikapigwa lipu ya saruji ya ndoo moja kwa tatu yenye unga wa kuzuia maji. Ilikula mifuko 46 ya saruji. Ndani ikapachikwa marumaru hadi kimo cha m 1.2, na sehemu ya nyuma ya madhabahu iligharamiwa na familia moja kwa kumbukumbu ya mzazi wao. Nje, zege la upana wa m 1 lilimwagwa kuzunguka msingi, likagusana na ukuta. Juu ya marumaru ikapakwa rangi ya mafuta.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka. Mafundi wote waliopatikana walifahamu saruji peke yake. Marumaru hufutika kirahisi. Zege la nje lingezuia tope lisirukie ukuta. Hakuna aliyezembea na hakuna aliyekula fedha ya kanisa. Kilichokosekana ni swali moja: maji haya yanatoka wapi?

Mwaka wa 2 kanisa lilipendeza, na kamati ikapongezwa mbele ya mkutano mkuu wa usharika.

Dalili zinarudi: mwaka wa 3

Baada ya masika ya mwaka wa 3, rangi ya mafuta ilianza kutoa malengelenge juu ya marumaru. Kufikia Julai mstari wa unyevu kwenye ukuta wa kaskazini ulikuwa kwenye m 2.1, wakati kabla ya matengenezo haukuwa umevuka m 0.9. Unga mweupe wa chumvi ulitoka kwenye viungo. Fremu ya mlango mdogo ilioza miguu. Kabati la ofisi ya mchungaji, lililoegemea ukuta huohuo, lilikuwa na vitabu vya ubatizo na ndoa. Vitabu vinne vya mwanzo vilishikwa na ukungu.

Timazi ilionyesha kwamba ukuta wa kaskazini umetokeza nje sm 4 katikati yake. Hapo wazee walishtuka, na walikuwa na haki.

Mkutano wa Desemba ulipokea pendekezo la kubomoa na kujenga kanisa jipya la tofali za saruji. Ahadi nyingi zilitolewa papo hapo. Baraza la wazee liliomba miezi 6 ya uchunguzi kabla ya kugusa jengo, likakubaliwa kwa shingo upande. Uamuzi huu mmoja ndio uliookoa kanisa, na haukugharimu hata shilingi.

Uchunguzi: mwaka wa 4, Januari hadi Machi

Kazi ya kwanza ilikuwa usalama. Mabenchi ya kaskazini yalisogezwa m 2 kutoka ukutani, kwaya ikahamishiwa upande wa pili, na ukuta ukaegemezwa kwa mirunda 6 kutoka nje. Vipande vya kioo chembamba vilibandikwa kwa saruji kukatiza nyufa 5, kila kimoja kikiandikwa tarehe. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea. Kimoja kilikatika Februari.

Mhandisi wa majengo aliyeitwa alizunguka jengo kwa nyundo ndogo, akigonga kila nusu mita. Penye mlio wa utupu ndani paliwekwa alama ya chaki. Maoni yake yalikuwa mafupi: ukuta unaweza kupona ikiwa maji yatazuiwa kwanza; yasipozuiwa, hata kanisa jipya litakalosimama hapohapo litalowa msingi.

Ndipo mhudumu wa usafi, mama ambaye amefagia kanisa hilo kwa miaka mingi, alipoulizwa kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba sakafu ya kaskazini hutoa jasho hata Septemba, wakati hakuna mvua, na kwamba hutoa zaidi siku zinazofuata zamu ya maji. Hakuna kifaa kilicholeta habari yenye thamani kuliko hiyo. Unyevu wa Septemba kwenye mteremko huu hauwezi kuwa wa paa.

Uthibitisho ulifanywa hivi. Shimo la m 1 kwa m 0.6, lenye kina cha m 1.2, lilichimbwa m 3 kutoka ukuta wa kaskazini. Mfongo ukiwa unapita, asubuhi shimo lilikutwa na maji ya sm 23. Februari, kabla ya masika, mfongo hufungwa ili usafishwe. Wazee wa kanisa waliwaendea wenye mfongo, wakaomba usifunguliwe hadi zitimie siku 14. Siku ya sita shimo lilikuwa kavu. Mfongo ulipofunguliwa, maji yalirudi shimoni baada ya siku mbili.

Mstari wa unyevu ndani ya kanisa ulichorwa kwa penseli na kuandikwa tarehe kila Jumamosi. Ni kazi ya dakika tano, lakini ndiyo iliyomaliza ubishi wote wa baadaye.

Vyanzo vingine viwili vilipimwa bila gharama. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kila upande wa paa hufunika m 125 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 40 humwaga lita 5,000 kwenye mstari mmoja chini ya kingo, sm 50 kutoka ukutani. Zege la mwaka wa 1 lilikuwa limetitia kuelekea ukuta, kwa hiyo sehemu ya maji hayo iliingizwa msingini moja kwa moja. Na ardhi ya kaskazini ilikuwa imepanda sm 40 juu ya usawa wa awali kutokana na udongo ulioshuka mlimani kwa miongo mingi. Jiwe la kizingiti cha mlango mdogo lilikuwa limefukiwa lote.

Kuzuia maji: mwaka wa 4, Juni hadi Agosti

Baraza liliamua mpangilio: maji kwanza, kukausha pili, lipu mwisho. Lipu haikuruhusiwa kununuliwa wala kuzungumziwa kwenye harambee hadi maji yaishe.

Mfongo ulizibwa mahali palipovuja, kipande cha m 32, kwa mawe na saruji. Saruji hapa ni mahali pake kabisa. Kazi yake ni kuzuia maji, na mfereji hauhitaji kupumua. Usharika ulitoa vifaa, wenye mfongo wakatoa siku mbili za kazi. Makubaliano yaliandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, yakitaja nani atasafisha kipande hicho kila Februari.

Mtaro wa kukinga maji ya ardhini ulichimbwa m 3 kutoka ukuta wa kaskazini, urefu m 30, upana sm 45, kina m 1.1, ukishuka sm 30 kutoka mwanzo hadi mwisho. Umbali huo ulichaguliwa kwa makusudi: mtaro mrefu ukichimbwa ukiwa umegusa msingi wa zamani, msingi unaweza kuporomokea ndani yake. Kilitangulizwa kitambaa cha kuchuja udongo, kisha kokoto, kisha bomba la plastiki la inchi 4 lenye matundu yakiangalia chini, kisha kokoto hadi sm 20 kutoka juu, kitambaa kikakunjwa juu yake na udongo ukarudishwa.

Hapa palitokea kosa. Mdomo wa bomba ulipangwa kuishia mpakani mwa kihamba cha jirani, na kazi ilianza bila yeye kuulizwa. Alisimamisha kazi kwa kupanda masale, mmea ambao Wachaga huutumia kuweka mipaka, pale mtaro ulipotaka kupita, na kwa Mchaga hilo ni neno linalojitosheleza. Mchungaji na wazee wawili walikwenda kwake jioni, wakaomba radhi, na bomba likaongezwa m 18 hadi kwenye korongo. Kazi ilichelewa siku 9.

Zege la kuzunguka msingi lilivunjwa lote. Ardhi ilishushwa sm 35 kaskazini na kupewa mteremko wa sm 5 kwa kila m 2 kutoka ukutani. Mguuni pa ukuta uliwekwa ukanda wa kokoto wa sm 60, ili matone ya mvua yasirushe tope.

Gata za sm 15 zilifungwa pande zote mbili, vishikio kila sm 75, zikishuka sm 6 kutoka katikati hadi kila pembe. Mabomba ya kushusha maji ni 4, ya inchi 4. Mawili ya mashariki yanaingia kwenye tanki la lita 5,000 la matumizi ya usharika, lenye bomba la kumwaga ziada mbali na jengo. Mawili ya magharibi yanaingia kwenye mfereji wa wazi unaokwenda korongoni.

Kukausha: mwaka wa 4, Agosti hadi mwaka wa 5, Julai

Agosti lipu ya saruji na marumaru vilibanduliwa kwa tindo na nyundo za mkono. Mashine ya kuvunjia ilikataliwa, maana mtikisiko wake ungemwaga kiini cha ukuta. Nyuma ya marumaru mawe yalikuwa yanachuruzika, na udongo wa viungo ulichimbika kwa kidole.

Kanuni ya kukadiria ni kwamba ukuta hukauka kama sm 2.5 kwa mwezi. Ukuta wa sm 60 unaokaukia pande zote mbili una sm 30 kila upande, yaani takriban miezi 12. Hakuna njia ya mkato. Kuwasha moto ndani hukausha uso peke yake na kuvuta chumvi nyingi kwa mpigo.

Kwa hiyo Desemba ya mwaka wa 4 watu walirudi nyumbani wakakuta kanisa lina mawe matupu hadi m 2.2, vumbi, na chumvi nyeupe. Kuna waliosema kanisa limekuwa pagala. Harusi mbili zilihamishiwa usharika wa jirani. Kilichosaidia ni mistari ya penseli: mzee mmoja alisimama kila baada ya ibada akionyesha mstari wa Februari kwenye m 2.1, wa Septemba kwenye m 1.4 na wa Desemba kwenye m 1.0. Watu waliona kwa macho yao ukuta ukishuka maji.

Chumvi ilifagiliwa ikiwa kavu, kwa brashi, ikazolewa na kutupwa mbali. Haikuoshwa, ukiiosha huyeyuka na kurudi ukutani.

Sehemu zenye mlio wa utupu zilijazwa uji wa chokaa na unga laini wa tofali za kuchoma. Matundu ya sm 2 yalitobolewa kila sm 50, uji ukamiminwa kuanzia matundu ya chini, si zaidi ya nusu mita kwa siku. Ukizidisha, uzito wa uji wenyewe unaweza kuisukuma ngozi ya nje. Ziliingia lita 380. Baada ya hapo hakuna kioo kilichokatika tena.

Chokaa kutoka pwani

Milimani, ufundi wa chokaa umekaribia kupotea. Pwani haujapotea. Majengo ya mawe ya matumbawe ya Kilwa, Bagamoyo na Pangani yamesimama kwa chokaa karne kadhaa, na bado wapo mafundi wanaojua kuilaza na kuipiga. Usharika ulimwita fundi mmoja kutoka mkoa wa Tanga kwa wiki 5, si afanye kazi yote, bali awafundishe mafundi 6 wa hapo. Chokaa yenyewe pia ilitoka Tanga, ya mawe ya chokaa ya ardhini. Ya matumbawe haikutakiwa, kwa kuwa kuchoma matumbawe ni kuharibu mazalia ya samaki.

Machi ya mwaka wa 5 tani 1.5 za chokaa ya mawe, iliyochomwa lakini haijazimwa, zilizimwa kwenye shimo lililojengewa tofali, m 2 kwa m 1.5, kina m 1. Chokaa huongezwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya chokaa. Mchanganyiko huchemka na kurusha matone yanayounguza. Kila aliyesogea alivaa miwani, glavu na buti, na ndoo ya maji safi ilikaa pembeni kwa ajili ya macho. Watoto walizuiwa kwa uzio. Rojo lililopatikana lilichujwa kwa chekeche, likafunikwa na maji ya sm 10 na kulala miezi minne. Kadiri linavyolala ndivyo linavyolainika na kushika vizuri.

Mchanga ulichaguliwa kwa chupa. Jaza chupa inayoonyesha ndani theluthi moja ya mchanga, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, iache usiku kucha. Tabaka la udongo juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, tafuta mchanga mwingine au uoshe. Mchanga mweusi wa mto wa karibu ulishindwa. Wa pili ulifaulu baada ya kuoshwa mara mbili.

Lipu mpya: mwaka wa 5, Julai hadi Oktoba

Julai na Agosti upande huu wa mlima huwa na mawingu na baridi. Kwa saruji ni miezi ya kuchosha, kwa chokaa ni miezi ya neema, kwa sababu chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole ikiwa na unyevu kidogo. Ikikaushwa na jua kabla ya hapo hubaki unga.

Ndani, na nje kuanzia m 1 kwenda juu, ulitumika uwiano wa rojo ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Nje kwenye mita ya chini, panaporukiwa na maji, ulitumika rojo 2, unga wa tofali 1, mchanga 6. Unga wa tofali zilizochomwa kwa moto wa wastani huifanya chokaa ishike hata penye unyevu bila kuiziba pumzi.

Mawe yalilowanishwa kuanzia jana yake na tena asubuhi. Koti la kwanza lilirushwa kwa mwiko, milimita 5, na kuachwa na uso mkwaruzo. La pili na la tatu yalikuwa milimita 10 kila moja, yakipishana siku 7 hadi 10. Koti likianza kushika, hupigwa na kusuguliwa tena kwa ubao kuziba nyufa ndogo. Magunia yaliyolowa yalitundikwa mbele ya ukuta siku 7.

Kipande cha kwanza cha nje, m 14 za mraba, kilianguka. Mafundi wawili walikipiga kama saruji: milimita 25 kwa mkupuo mmoja, ukuta mkavu, saa sita mchana, bila magunia. Siku ya tatu kilipasuka kama ardhi ya kiangazi, siku ya tano kikabanduka. Fundi wa Tanga hakugomba. Aliwaambia wakibandue wenyewe na kuangalia mgongo wake, ulivyokuwa na vumbi kavu usioshika jiwe hata kidogo. Baada ya hapo hakuna aliyesahau ndoo ya maji.

Kugeuka kwa chokaa kulikaguliwa kwa fenolftalini, dawa ya kupimia inayobadilika rangi, kutoka maabara ya shule ya sekondari. Tone moja kwenye kipande kilichovunjwa upya: panapogeuka waridi, chokaa bado haijageuka jiwe; panapobaki bila rangi, imekamilika. Oktoba, waridi ilianza milimita 3 ndani ya uso.

Rangi ilikuwa rojo lilelile lililoyeyushwa hadi wepesi wa maziwa, makoti 5 nje na 3 ndani, kila koti jembamba na kwa siku yake.

Vitabu vya ubatizo

Vitabu vinne havikuanikwa juani, maana jua hukunja karatasi na kufifisha wino. Vilisimamishwa wima vikiwa vimefunguliwa kidogo, penye hewa na kivuli, karatasi kavu zisizo na wino zikipachikwa kila baada ya kurasa 10 na kubadilishwa kila siku. Ukungu uliokauka ulifagiliwa nje ya jengo kwa brashi laini, kwa barakoa. Kila ukurasa ulipigwa picha. Sasa vinakaa kwenye rafu ya chuma, sm 15 kutoka ukuta wa ndani. Wazee wengi wasio na cheti cha kuzaliwa wana ukurasa katika vitabu hivyo na si mahali pengine popote, kwa hiyo hili halikuwa jambo la pembeni.

Matokeo

Baada ya masika ya mwaka wa 6, mstari wa unyevu wa kaskazini ulikuwa sm 25 kutoka sakafuni, na kufikia Septemba haukuonekana isipokuwa sehemu moja. Kutokeza kwa ukuta kumebaki sm 4 bila kuongezeka. Mirunda iliondolewa. Gharama ya kuzuia maji yote, yaani mfongo, mtaro, ardhi na gata, ilikuwa ndogo kuliko ya marumaru na saruji za mwaka wa 1.

Uchambuzi

Kosa la mwaka wa 1 limerudiwa katika makanisa, misikiti, shule na nyumba nyingi za zamani, kwa hiyo utaratibu wake ueleweke. Ukuta wa mawe na chokaa haukujengwa usiingie maji kabisa. Ulijengwa yaliyoingia yatoke. Lipu ya saruji ngumu yenye unga wa kuzuia maji hufunga njia ya kutokea, lakini haifungi ya kuingilia, kwa kuwa maji yanatoka chini na mlimani. Maji yaliyokosa njia kwenye m 0.9 hupanda kutafuta mahali wazi, ndiyo maana mstari ulifika m 2.1, juu ya ukomo wa lipu na marumaru. Chumvi zilizosafiri nayo hukauka hapo na kuvunja uso. Isitoshe, saruji ni ngumu kuliko mawe yaliyofungwa kwa chokaa. Ukuta unapotanuka na kusinyaa kidogo, saruji hupasuka nyufa nyembamba zinazonyonya mvua.

Kilichofaulu zaidi si chokaa. Kama chokaa ingepigwa bila kuziba mfongo, ingebanduka pia, labda kwa miaka mingi zaidi, na watu wangesema chokaa haifai. Kilichofaulu ni mpangilio, pamoja na subira ya miezi 11 ambayo baraza liliilinda dhidi ya shinikizo la Desemba. Barua moja iliyotumwa Oktoba kwa wanausharika walioko mjini, yenye picha za mistari ya penseli, ingepunguza maneno mengi ya pagala. Haikutumwa.

Mahali pawili kazi haikufaulu. Kwanza, vijana walipaka kipande cha ndani rangi ya maji ya plastiki kwa ajili ya sherehe, wakitaka weupe zaidi. Kilianza kubanduka kabla ya miezi 4 na kilibidi kukwanguliwa. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kwa nini rangi ya dukani haitakiwi. Pili, gata za magharibi zilijaa majani ya mti ulio karibu, na mvua za vuli za mwaka wa 6 zikafurika na kulowesha pembe ya kaskazini-magharibi. Bajeti ilikuwa na fedha ya kununua gata, haikuwa na mtu wa kuzisafisha. Sasa kila mtaa una zamu yake: gata husafishwa Februari kabla ya masika na tena Septemba kabla ya vuli, na jina la aliyepanda ngazi huandikwa kwenye daftari la ofisi.

Sehemu moja iliyobaki na unyevu ni nyuma ya madhabahu. Marumaru yale hayakubanduliwa mwaka wa 4 kwa heshima ya familia iliyoyatoa, na mstari ulibaki juu yake kwenye m 1.3. Mwaka wa 6 mchungaji na wazee walikwenda nyumbani kwao, wakakaa, wakanywa chai, wakaeleza. Familia iliridhia marumaru yahamishiwe sakafu ya ofisi mpya ya usharika, pamoja na kibao cha jina la mzazi wao. Yamebanduliwa Agosti. Ukuta ule sasa uko wazi, na tarehe ya penseli ya kwanza imeandikwa. Lipu yake haitapigwa kabla ya Julai ya mwaka wa 7.